Mwanafunzi anaongoza ngoma mbele ya kijiji kizima, ukimpa maiki shuleni anaganda. Walimu wa Mtwara na Lindi, tatizo ni nini?

#1 Chaki Nyeupe
Habari za jioni wakuu.

Nafundisha sekondari moja ya kata wilayani Tandahimba. Mwaka huu nimekabidhiwa klabu ya maigizo na midahalo kwa utaratibu ule mnaoujua: kikao kiliisha, mimi ndiye mgeni, daftari likatua mezani kwangu.

Kuna binti wa kidato cha tatu. Likizo ya Juni nilimkuta kwao kwenye ngoma, yeye ndiye anaongoza nyimbo. Watu wamejaa mpaka chini ya mikorosho. Anarusha mstari, wenzake wanapokea. Akamgeukia mjomba wake akamtania kwa wimbo wa kutunga papo hapo, uwanja ukaangua kicheko na mjomba akatoa hela. Shule ikafunguliwa, nikampanga msemaji mkuu kwenye mdahalo. Akamsalimu mwenyekiti, akataja upande anaoutetea, akashika ncha ya sketi. Basi. Alisimama pale mpaka wa nyuma wakaanza kuzomea, akarudi kukaa.

Na si yeye tu, ni karibu darasa zima. Mimi sikubali kwamba hawa ni waoga. Mwoga hamtanii mjomba mbele ya ukoo. Nadhani kuna kitu tunawafanyia sisi walimu. Mwenye uzoefu wa kufundisha maigizo na kuongea mbele za watu aseme anaanzia wapi. Mahafali ya kidato cha nne yanakuja, na mkuu wa shule anataka igizo, ngonjera na risala.

#2 Ngalawa Mikindani
Nawahi siti ya mbele. Wataalamu waje.

#3 Stakabadhi Ghalani
Mkuu usizunguke, ni ung'eng'e. Mtoto kasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, nyumbani Kimakonde, anaingia kidato cha kwanza anaambiwa sasa kila kitu Kiingereza, na mdahalo nao Kiingereza. Pale mbele hafikirii hoja, anatafuta neno. Akilipata la kwanza, la pili limeshapotea. Na akichapia wanamcheka hao hao wasiojua. Ngomani hakuna wa kumsahihisha sarufi.

Fanya mdahalo kwa Kiswahili wiki ijayo ulete mrejesho. Ukikuta wameganda, nafunga akaunti.

#4 Dada wa Chuno
Stakabadhi Ghalani, funga tu akaunti mdogo wangu.

Mimi niko Mtwara mjini. Watoto wangu Kiswahili ndicho cha kwao, Kimakonde wengi wanakisikia kwa bibi tu. Midahalo ya Kiswahili tunaifanya miaka yote na wanaganda vilevile. Ila wanaganda kwa mtindo: "Ndugu mwenyekiti, katibu wako makini, mtunza muda asiye na upendeleo, waheshimiwa majaji, walimu walezi, wageni waalikwa, wapinzani wangu wasio na hoja, hamjambo? Kwa majina naitwa..." Hapo ulimi haugongi popote. Dakika tatu alizopewa, salamu zimekula nusu. Akifika "hoja yangu ya kwanza" ndipo macho yanapanda darini.

Salamu amezikariri, hoja hana. Tumemfundisha itifaki, hatujamfundisha kujenga hoja. Lugha mnaisingizia.

#5 Mzee wa Msimbati
Mnajadili kama vile hamkuzaliwa huku. Mtoto wa kwetu analelewa asimkodolee macho mtu mzima. Ukimwita anaangalia chini, na akiangalia chini tunasema ana adabu. Leo mwalimu, mtu mzima, na fimbo anayo, anamwambia simama, tazama watu usoni, nibishie. Kubishana na mkubwa atakuwa amekusomea wapi? Ngomani ana ruhusa. Anamtania mjomba kwa sababu ngoma imemruhusu, na mjomba akinuna yeye ndiye atakayechekwa. Shule haijampa ruhusa hiyo. Jando na unyago vinamfundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na si kosa.

#6 Somo wa Kitangari
Shikamoo Mzee wa Msimbati. Kuhusu jando sitii neno, siko huko. Lakini unyago, baba, usiusemee kwa mbali. Kule ndani mwali hafundishwi kunyamaza. Kungwi anaimba fumbo, mwali anatakiwa alifumbue. Mengine siwezi kuyamwaga humu, ila nikuambie, huyo binti kapita kwenye mtihani wa kuongea mgumu kuliko mdahalo wa mwalimu.

Kinachomnyamazisha ni mstarini asubuhi. Tangu darasa la kwanza kazi yake ni kusimama wima na kusikiliza matangazo na majina ya waliochelewa.

#7 Mzee wa Msimbati
Marahaba mwanangu. Lakini kule anaongea na wanawake wenzie. Mlete mbele ya mchanganyiko tuone.

#8 Somo wa Kitangari
Baba, mwalimu kasema alimtania mjomba mbele ya uwanja mzima. Rudi bandiko la kwanza.

#9 Liwale Ndiyo Kwetu
Hahaha, Mzee kafungwa bao la mapema.

Halafu nyie wa Mtwara mnaongea kana kwamba Lindi hatuzai. Nina kesi. Kijana niliyesoma naye hakuwahi kunyoosha mkono darasani tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kamaliza, kaenda Kariakoo kuuza soksi. Siku nimeshuka Dar namkuta kasimama juu ya kreti, ana utani na kila anayepita, mama wa watu anamwita shemeji na mama ananunua pea tatu. Nani kamfundisha? Njaa. Mtu akiwa na kitu anachokitaka kwa wasikilizaji wake, anaongea. Mwanafunzi kwenye mdahalo anataka nini? Anataka kengele igongwe akale.

#10 Fundi Jukwaa
Nimepita Bagamoyo, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981 na sasa ni TaSUBa, na nimefundisha vikundi vya shule Masasi na Nachingwea. Niseme ya ufundi kidogo.

Mtoto akiitwa mbele mwili unajiandaa kukimbia. Moyo mbio, koo linakauka, pumzi inapanda juu kifuani. Akiongea kwa pumzi hiyo ya juu sentensi inakatika njiani, anajisikia anatetemeka, ndiyo anazidi. Kumwambia "usiogope" hakusaidii. Na wale wa "vuta pumzi ndefu" nao wanamwongezea hewa juu ya hewa. Mfundishe kuitoa. Kiganja chini ya mbavu, atoe polepole kwa "ssss" mpaka iishe kabisa. Mwili wenyewe utavuta nyingine, na hiyo itashuka tumboni. Fanyeni wote mkiwa mmesimama, hata mwalimu.

Kisha watoke nje, maana kwenye bati mvua ikinyesha hata mimi sisikiki. Panga safu mbili chini ya miembe, zipishane hatua kama ishirini. Kila mmoja ampelekee wa mkabala wake habari moja: bei ya nazi, jina la kijiji cha bibi. Asipige kelele. Kelele zinatoka kooni na kesho atakuwa hana sauti. Utaona anayesikika ni yule anayeimalizia silabi ya mwisho. Wengi wanaimeza, wanamaliza sentensi wakiwa wameshaanza kurudi kukaa.

Lakini kubwa kwangu ni hili. Yule binti ngomani si yeye, ni mwimbishaji. Nafasi hiyo ilikuwepo kabla hajazaliwa. Mnaojua mapiko mtanielewa: kijana mpole, akishavaa sura ya mti na kufungwa nguo mwili mzima, anatembea kama mlevi, kama bwana shamba, kama mzungu wa misheni, anawakejeli watu ambao mchana anawaamkia. Lawama zote zimebebwa na kinyago. Mdahalo unamvua kinyago ghafla na kumwambia taja jina lako na msimamo wako. Ndiyo maana mimi naanza na igizo, hotuba inakuja baadaye sana. Na hotuba ya kwanza anaitoa akiwa mtu mwingine: mwenyekiti wa AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, anaeleza kwa nini malipo yamechelewa, kocha aliyefungwa, mama mkwe. Siku ukimwambia "sasa sema wewe", sikio lake limeshaizoea sauti yake.

#11 Ngalawa Mikindani
Mama mkwe nimemuelewa.

#12 Dada wa Chuno
Fundi Jukwaa, ya pumzi nayabeba kesho asubuhi, asante. Ya kinyago nakupinga. Nilikuwa na kijana, kila igizo yeye ndiye mlevi. Akiingia tu watu wameshika mbavu. Siku ya mahafali akaombwa atoe neno la shukrani kwa niaba ya wenzake, mwenyewe bila skripti, akalia. Sikuona mtu aliyezoea sauti yake, niliona mtu aliyezoea kujificha. Walimu wengi tukishampata mlevi wetu mzuri hatumbadilishii nafasi, kwa sababu mgeni rasmi kacheka.

#13 Mzee wa Msimbati
Mapiko yana wenyewe. Si kitu cha kuchukua mkaweka kwenye jukwaa la shule na wasichana wakavaa.

#14 Liwale Ndiyo Kwetu
Mzee, mapiko siku hizi yanachezwa mchana kweupe, tamasha la MaKuYa, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, hapo hapo Mtwara watu wanaangalia na watoto mgongoni.

#15 Mzee wa Msimbati
Kuangalia si kuvaa.

#16 Mwalimu wa Zamu
Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niseme lisilopendeza. Tunafundisha tamthilia bila kusimama. Mtoto wa kidato cha tatu atakuandikia dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, ataandika "tamthilia ni utanzu unaokusudiwa kuigizwa jukwaani", na hajawahi kuona hata ukurasa mmoja ukiigizwa. Anasoma muhtasari ulionakiliwa kutoka muhtasari. Hiyo ndiyo shule ya maigizo tuliyo nayo, halafu mwezi wa tisa mkuu wa shule anataka igizo la mahafali.

Somo la sanaa za maonyesho lipo kwenye mitihani ya NECTA, lakini tafuta huku kwetu shule inayolifundisha. Utatembea.

Ninachofanya mimi ni hiki: siku ya kuanza tamthilia naficha vitabu. Nawapa tukio kwa maneno mawili matatu, wanaliigiza kwa akili zao kwanza, ndipo tunafungua kitabu kuona mwandishi alilipitishaje. Kwenye kipindi cha dakika arobaini na watoto sabini, ninafika kundi la pili kengele inalia. Kelele zinasikika mpaka ofisini, na nimeshaitwa kuulizwa kama nimeshindwa kulitawala darasa.

#17 Stakabadhi Ghalani
Watoto sabini! Hapo tena tumepata chanzo kingine. Tangu ada iondolewe 2016 madarasa yamefurika, mtoto mmoja atasimama mbele mara ngapi kwa mwaka?

#18 Mwalimu wa Zamu
Wale watatu wale wale ndio wanasimama. Wakihitimu ndipo tunashtuka hatuna wengine.

#19 Tuseme Mpaka Leo
Nawasoma tangu juzi nikasema lazima nichangie. Mimi nimepitia Tuseme nikiwa sekondari ya wasichana, ule mpango wa FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika. Tulikuwa hatuanzi na igizo wala hotuba. Tulianza kwa kuulizwa: nini kinakuzuia kusoma hapa? Kwanza kimya, kisha moja ikatoka, kisha zikamwagika. Tukayapanga, tukatafuta chanzo cha kila moja, tukachagua la kuigiza. Letu lilikuwa maji na mwalimu mmoja mwenye mikono mirefu. Tuliigiza mbele ya walimu wote, naye akiwemo. Baada ya igizo tukabaki pale pale jukwaani tukaulizwa maswali kama sisi, siyo kama wahusika. Nilitetemeka miguu yote miwili lakini niliongea, kwa sababu nilichokuwa nasema kilikuwa changu.

Dada wa Chuno kasema hoja, nakubaliana naye, ila hoja haifundishwi kwa mada za "mama ni bora kuliko baba". Watoto wamezibishania hizo mpaka zimechacha.

#20 Fundi Jukwaa
Nisahihishe kidogo dada yangu. Tuseme ilizaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, idara ya sanaa, kazi ya akina Penina Mlama na Amandina Lihamba. FAWE waliipokea wakaisambaza nchi nyingine za Afrika. Na haikutoka hewani. Watu wa idara ile walikuwa wakifanya sanaa za maonyesho na wanavijiji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Malya kule Mwanza.

#21 Liwale Ndiyo Kwetu
Si ndiyo yale maigizo ya mashirika? Wanakuja na gari, wanaigiza ukimwi, wanagawa fulana, wanaondoka.

#22 Fundi Jukwaa
Hapana. Hayo ya gari na fulana mtazamaji anakaa anafundishwa. Kuna mtindo mwingine ambao Mbrazili Augusto Boal aliueneza kuanzia miaka ya 1970: igizo linaishia pabaya, linarudiwa, na mtazamaji anaruhusiwa kusema "simama", anaingia jukwaani mwenyewe kubadilisha. Kwa darasa la Mwalimu wa Zamu lenye watoto sabini hiyo ndiyo dawa, maana kila aliyekaa anaweza kuwa mchezaji wakati wowote. Nilijaribu Nachingwea na igizo la binti anayeozeshwa. Watoto wakaingia mmoja mmoja kujaribu kumshawishi baba. Mmoja kalia, mmoja katisha polisi, mmoja kakaa chini akaanza kumhesabia baba gharama za harusi. Huyo wa mahesabu alikuwa mtoro sugu, hata jina lake sikuwa nalijua.

#23 Mwalimu wa Zamu
Nzuri, ila baba akichezwa na mtoto mkorofi hashawishiki mpaka kengele. Nimeshaliona.

#24 Fundi Jukwaa
Baba achezwe na mwalimu.

#25 Ngalawa Mikindani
Mwalimu ashindwe mbele ya wanafunzi? Hapo utafute shule nyingine, siyo huku.

#26 Chaki Nyeupe
Wakuu nimesoma yote, nashukuru. Kabla sijaleta mrejesho, nisaidieni igizo. Nina wazo la msichana anapata mimba, anafukuzwa shule, anaharibikiwa. Wanalijua, hawatahitaji kukariri sana.

#27 Tuseme Mpaka Leo
Hilo limepitwa mwalimu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyejifungua kurudi shule ya kawaida. Ukimfukuza jukwaani leo unawafundisha watoto habari isiyo kweli, na mzazi atakayeona atajua mwanaye ndiyo basi tena. Anzia anaporudi. Nani anamcheka, mtoto kamwachia nani, kipindi cha kwanza anakaa dawati gani. Hapo pana igizo.

#28 Stakabadhi Ghalani
Mimi ningechukua Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani. Tuko kusini, vita vimeanzia kwetu, na Kinjeketile, yule mganga wa maji, alikuwa mtu wa Kilwa hapa.

#29 Mwalimu wa Zamu
Kinjeketile Ngwale alikuwa wa Ngarambe, upande wa Rufiji. Cha Kilwa ni Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, walikong'oa pamba Julai 1905. Kinjeketile alinyongwa Agosti ya mwaka huo huo, vita ndiyo kwanza vinasambaa. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969 nimeifundisha, ni ngumu kwa mahafali, watu wamekaa juani wanasubiri pilau. Lakini onyesho la kung'oa pamba peke yake linatosha: watu wanagombana usiku nani aanze, kung'oa mche wa serikali ni kutangaza vita. Hapo unawapa vijana hotuba za kweli. Mmoja ashawishi, mmoja aogope kwa sababu za msingi.

#30 Liwale Ndiyo Kwetu
Na ngonjera usiisahau, ile ya kina Mwalimu Nyerere.

#31 Mwalimu wa Zamu
Ngonjera ni ya Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma. Nyerere alizipenda zitumike kueneza Azimio la Arusha. Yeye za kwake ni tafsiri za Shakespeare, ya Juliasi Kaizari 1963 na ya Mabepari wa Venisi 1969. Na hiyo ya kwanza, Stakabadhi Ghalani, ina hotuba mbili msibani, Bruto na Antonio, maiti moja na wasikilizaji wale wale, mmoja anawatuliza na mwingine anawawasha. Kama unafundisha kuongea mbele za watu na hujawahi kuwasomesha hizo mbili kwa Kiswahili, zifuatane siku moja, jaribu.

#32 Liwale Ndiyo Kwetu
Mwalimu wa Zamu kumbe ni maktaba inayotembea. Nikirudi shule nitakaa dawati la mbele.

#33 Kidato cha Tatu B
Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, siyo wa shule ya mleta mada, niko mkoa wa Lindi. Naona watu wazima mnatafuta sababu mbali. Mwaka jana kwenye mdahalo nilitaka kusema kuku kwa Kiingereza, "chicken", nikasema "kitchen", yaani jikoni. Tangu siku hiyo naitwa Jikoni. Mpaka wapishi wananiita Jikoni. Mpaka mwalimu mmoja. Mwenzangu naye aliwahi kukwama na neno "maendeleo", yeye ni Maendeleo, ila la kwake zuri. Jina la utani likishakaa halitoki mpaka umalize kidato cha nne. Kwa hiyo hatuogopi kuongea, tunaogopa jina.

#34 Ngalawa Mikindani
Jikoni, marahaba. Nimecheka lakini nimekuonea huruma.

#35 Mzee wa Msimbati
Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu anayekuita hivyo ni wa kuzungumza naye, siyo wewe.

#36 Stakabadhi Ghalani
Mnaona? Kuku na jikoni. LUGHA. Nilisema tangu bandiko la tatu.

#37 Dada wa Chuno
Jina la utani wangempa hata angechapia Kiswahili. Kuna wangu anaitwa Aidha, kwa sababu alilisema mara tisa kwenye hoja moja. Dogo anazungumzia kicheko, wewe unasikia Kiingereza. Mimi nilipiga marufuku kuzomea, wakahamia kukohoa. Darasa zima lina kifua.

#38 Chaki Nyeupe
Mrejesho.

Nilifanya pumzi za Fundi Jukwaa, wakacheka siku ya kwanza, ya pili wakazoea. Kisha nikaachana na mada zote za kitabuni. Nikawaambia kila mmoja aje aeleze kazi anayoifanya nyumbani vizuri kuliko mimi, kwa lugha yoyote. Kuna kijana hajawahi kufungua mdomo. Akaja na korosho mfukoni, mbichi na ganda lake, akaeleza kubangua. Unatoboa karai kuukuu matundu, unaweka motoni, unakoroga na kijiti kirefu umekaa upande upepo unakotoka. Mafuta ya ganda yakichuruzika zinashika moto zenyewe, moshi mweusi. Usizizime kwa maji. Unazimwaga chini unazifukia mchanga. Zikipoa unajipaka majivu mikononi, maana yale mafuta yanababua, akatuonyesha kovu kwenye kidole cha shahada. Kisha akachuchumaa, akachukua jiwe: usipige tumboni punje itavunjika, piga kwenye mgongo, taratibu, mara mbili. Mwenzake akauliza kwa nini kiwandani zinatoka nyeupe na zake zina madoa. Akajibu bila kunitazama mimi, kwamba moto wa karai hauna kipimo. Alitumia dakika nyingi kuliko msemaji yeyote tangu nije hapa na hakuna aliyekohoa.

Nikamwambia arudie kwa Kiingereza. Akarudia. Maneno machache, mengine kwa mikono, na wenzake wakawa wanamtupia maneno yanayomkosa.

Yule binti bado. Nilimuuliza pembeni kuna nini, akaniambia, "Huku hawaitikii, mwalimu."

#39 Stakabadhi Ghalani
Wa korosho alianza kwa Kiswahili ndiyo akafunguka. Akaunti yangu iko hai.

#40 Dada wa Chuno
Alikuwa na hoja. Karibu kwenye bandiko la nne.

#41 Fundi Jukwaa
Alikuwa na mikono kazini na kitu cha kushika. Hakuwa "msemaji", alikuwa mbanguaji. Kinyago kile kile.

#42 Liwale Ndiyo Kwetu
Alitaka waone anajua. Soksi zile zile.

#43 Somo wa Kitangari
Wote mmemrukia wa korosho, binti mmemwacha. "Hawaitikii." Kwetu huwezi kuongea na watu waliokaa kama mizigo. Hata hadithi ukisema paukwa lazima mtu aseme pakawa, asiposema hadithi haiendi. Mdahalo unamwambia mtoto asimame peke yake, na waliokaa wameambiwa wakae kimya wamsikilize. Mimi ningeanza na kuwafundisha waliokaa.

#44 Mzee wa Msimbati
Hilo nalikubali.

#45 Mwalimu wa Zamu
Mimi nina shaka nalo. Kwenye usaili wa kazi nani atamwitikia? Mbele ya hakimu? Lazima ajifunze na ukimya.

#46 Somo wa Kitangari
Atajifunza, ila si aanze nao.

#47 Chaki Nyeupe
Sasa kuna jipya. Nimeamua risala ya mahafali isiandikwe na mwalimu kama desturi. Nimempa binti na wenzake watatu waiandike, aisome yeye, na kila baada ya ombi kundi la kidato cha nne liitikie. Wakaandika vyoo, matundu hayatoshi, na mabinti wanakosa vipindi kila mwezi. Mkuu wa shule kaisoma, kasema iwe kwa Kiingereza na habari ya vyoo itoke, tusiwatie aibu wageni wakiwa wanakula.

#48 Tuseme Mpaka Leo
Vyoo vikitoka huyo binti atakuwa amejifunza kitu kingine kabisa kuhusu kuongea mbele za watu. Kaa na mkuu, mwonyeshe kwamba risala ndiyo sehemu pekee ya kuomba bila kuonekana unalalamika.

#49 Stakabadhi Ghalani
Mkuu naye ana bosi. Msimlaumu sana.

#50 Liwale Ndiyo Kwetu
Mgeni rasmi ni nani? Kama ni diwani, vyoo viwekwe aya ya kwanza, uchaguzi haukosi kuja. Kama ni mwenye maduka, viwekwe mwishoni karibu na harambee.

#51 Dada wa Chuno
Na kiwe Kiswahili. Wazazi wako watajaa hapo, wataitikia nini wasichokielewa?

#52 Stakabadhi Ghalani
Dada wa Chuno! Si ulisema lugha tunaisingizia?

#53 Dada wa Chuno
Nilisema kwa msemaji. Hawa ni wasikilizaji.

#54 Chaki Nyeupe
Mgeni rasmi ni diwani. Kesho naingia ofisini kwa mkuu.

#55 Ngalawa Mikindani
Mahafali lini na wapi mkuu? Nina maiki na spika mbili, za shule huku nazijua, zinalia filimbi kuanzia salamu mpaka pilau. Mafuta ya jenereta juu yenu.